Daftari la Diski: Namna ya Kuchukua Bakapu ya Seva Bila Kuizima

Kwa muda wa mwaka mmoja hivi nilihudumia seva ya ofisi moja ambayo bakapu yake ilichukuliwa kila usiku kwa amri moja tu ya dd. Saa nane usiku amri inaanza kunakili diski nzima, bloku baada ya bloku, kwenda kwenye diski ya nje. Saa kumi na moja alfajiri imemaliza. Seva haikuzimwa, kwa sababu usiku huohuo kulikuwa na kazi ya kukusanya ripoti iliyokuwa ikiandika kwenye hifadhidata. Sikuwa na wasiwasi. Mfumo wa faili ulikuwa ext4, wenye daftari lake la mabadiliko, na nilikwisha kuiona seva ileile ikikatikiwa umeme mara kadhaa na kuinuka salama. Nikajiambia: kama inastahimili kukatika kwa umeme, itashindwaje kustahimili kunakiliwa?

Siku diski ilipokufa tulirejesha nakala ya usiku uliotangulia. Amri ya e2fsck ilikagua na kurekebisha kwa muda mrefu, na mwisho ikatuachia saraka ya lost+found iliyojaa faili zisizo na majina, ni namba tupu. Hifadhidata haikuwaka. Tulirudi kwenye nakala ya wiki mbili nyuma, iliyochukuliwa siku ya matengenezo seva ikiwa imezimwa, na kazi ya wiki mbili ikaingizwa upya kwa mkono kutoka kwenye risiti za karatasi.

Naandika mwongozo huu kwa yeyote anayetunza seva ya Linux na kuamini nilichokuwa nikiamini mimi. Mfano wangu ni ext4 iliyokaa juu ya LVM, kwani ndivyo seva nyingi za Debian na Ubuntu nilizokutana nazo zilivyopangwa. XFS inapotofautiana nitasema.

Hatua ya 1: Jua daftari linaahidi nini

Unapoongeza mstari mmoja kwenye faili, ext4 hugusa sehemu kadhaa za diski: bloku ya data yenyewe, ukubwa wa faili, orodha ya bloku zake, ramani ya nafasi iliyobaki. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, sehemu moja itakuwa mpya na nyingine ya zamani. Ndiyo maana, kabla ya kubadilisha metadata, mfumo huandika kwanza kwenye eneo maalumu la diski kile unachokusudia kufanya. Hilo ndilo daftari. Seva ikiwashwa tena, kerneli hulisoma: muamala uliokamilika kuandikwa unatekelezwa upya, ambao haukukamilika unatupwa. Utaratibu huu uliingia kwenye familia ya ext kwa ext3, kazi iliyoanzishwa na Stephen Tweedie na kuingizwa kwenye kerneli rasmi 2.4.15 mnamo Novemba 2001. Mrithi wake, ext4, ilitangazwa kuwa imara kwenye kerneli 2.6.28, Desemba 2008.

Daftari linaweza kufanya kazi kwa namna tatu, na hapa ndipo mipangilio chaguo-msingi inapoingia.

data=ordered ndiyo chaguo-msingi la ext4. Metadata pekee ndiyo inayoandikwa daftarini, lakini data husukumwa diskini kabla ya muamala wa metadata inayoihusu kufungwa. Faili haiwezi kudai bloku ambayo data yake haijafika.

data=writeback huandika metadata daftarini bila kujali data imefika au la. Umeme ukikatika unaweza kukuta faili yenye ukubwa sahihi, ndani yake mna masalio ya faili nyingine iliyofutwa zamani.

data=journal huandika vyote viwili daftarini kwanza, data na metadata, halafu huvihamishia mahali pake. Kila kitu kinaandikwa mara mbili.

Sasa angalia sharti lililojificha ndani ya ahadi hii. Daftari hutengeneza diski iliyosimama katika kitambo kimoja. Bloku zote, za mwanzo wa diski hadi mwisho, zilisimama pamoja umeme ulipokatika. Nakala yangu ya dd haikuwa hivyo. Mwanzo wa diski ulinakiliwa saa nane. Daftari, ambalo ext4 kwa kawaida huliweka karibu na katikati ya diski, lilinakiliwa yapata saa tisa na nusu. Mwisho wa diski ulinakiliwa karibu na alfajiri. Nilipopachika nakala ile, kerneli ilichukua daftari la saa tisa na nusu na kulitekeleza juu ya metadata ya saa nane na ya saa kumi na moja. Mahali pengine lilirudisha hali ya zamani juu ya mpya. Kifaa cha kuokoa kilishiriki katika kuharibu, na hakuna mpangilio wowote kati ya ile mitatu ambao ungezuia hilo.

Nakala ya tar au rsync juu ya seva inayoendelea na kazi haina ubaya wa kiasi hicho, kwa kuwa inapitia faili badala ya bloku. Lakini nayo inasoma faili ya kwanza saa nane na ya mwisho alfajiri. tar itakuonya kwa maneno "file changed as we read it". Rsync itamaliza kwa msimbo 24 ikiwa faili zilitoweka katikati ya safari. Kwa saraka ya barua na picha, sawa. Kwa hifadhidata, ambayo faili zake hutegemeana, usiipokee nakala hiyo.

Hatua ya 2: Angalia ulicho nacho

Usidhani, tazama. Tuseme data yako iko kwenye /srv.

    findmnt -no SOURCE,FSTYPE,OPTIONS /srv

Mara nyingi utaona rw,relatime na si zaidi, kwa sababu mipangilio chaguo-msingi haionyeshwi hapo. Orodha kamili iko kwenye /proc, chini ya jina ambalo kerneli inaitambulia diski hiyo, kwa mfano dm-2 au sda1:

    cat /proc/fs/ext4/dm-2/options

Humo tafuta mistari minne: data=ordered, commit=5, barrier na delalloc. Kisha:

    tune2fs -l /dev/vg0/data | grep -E 'features|mount options'

Kwenye orodha ya sifa utaona has_journal, uthibitisho kwamba daftari lipo. Utaona pia needs_recovery. Usishtuke: maadamu mfumo wa faili umepachikwa na unaandikika, alama hiyo huwapo. Ikumbuke lakini, tutaitumia kama kipimo huko mbele.

Maana ya commit=5 ni kwamba muamala wa daftari hufungwa kila baada ya sekunde 5. Watu husoma hapo na kuhitimisha kwamba hasara kubwa kabisa ni sekunde 5 za kazi. Sivyo. delalloc maana yake ext4 huchelewesha kuchagua bloku za data mpya, na kwa mipangilio ya kawaida ya kerneli data hiyo inaweza kukaa kwenye RAM sekunde 30 hivi kabla ya kusukumwa. Sharti la ordered linaihusu data ambayo imekwisha kupewa bloku. Ile ambayo bado inangoja haihusiki. Mwaka 2009, ext4 ilipoanza kusambaa, watumiaji walikuta faili zao za mipangilio zina ukubwa wa sifuri baada ya kompyuta kuzimika ghafla, na sababu ilikuwa hiyohiyo. Kerneli 2.6.30 iliongeza tahadhari, auto_da_alloc, inayolinda mtindo wa kawaida wa kuandika faili mpya kisha kuibadilishia jina juu ya ile ya zamani. Programu inayotaka uhakika kamili hudai yenyewe kwa fsync, na hifadhidata zote za maana hufanya hivyo.

Hatua ya 3: Iache mipangilio ilivyo

Baada ya kuyajua haya, vidole huwasha. Mtu anataka kuweka data=journal ili awe salama zaidi, au data=writeback ili apate kasi. Kwa ajili ya bakapu, ushauri wangu ni kutogusa chochote.

data=journal huzima delalloc, huondoa uwezo wa programu kuandika diskini moja kwa moja bila kupitia kache ya kerneli, na huongeza uandishi mara dufu. Baada ya gharama yote hiyo bado haijui muamala wa mauzo unaanzia wapi na kuishia wapi. Daftari la mfumo wa faili linajua bloku. Halijui kwamba mstari wa jedwali la malipo na ule wa jedwali la bidhaa lazima iende pamoja. Kazi hiyo ni ya hifadhidata.

data=writeback tayari ilijaribiwa kuwa chaguo-msingi. Kerneli 2.6.30, mwaka 2009, iliifanya hivyo kwa ext3 kwa ajili ya kasi. Kwenye 2.6.36, mwaka 2010, ordered ikarudishwa. Wenye kerneli walirudi nyuma. Sioni sababu ya mwenye seva ya ofisi kuwatangulia.

Na ukikuta nobarrier au barrier=0 kwenye /etc/fstab, imeandikwa na mtu aliyekutangulia, iondoe leo. Bila barrier, diski inaweza kupanga upya uandishi kwenye kache yake, na daftari likafika baada ya kile lilichopaswa kukitangulia.

Hatua ya 4: Hakikisha una nafasi ya snapshoti

Dawa ya tatizo la dd ni kuisimamisha diski katika kitambo kimoja bila kuisimamisha seva. LVM hufanya hivyo kwa snapshoti: picha ya volyumu kama ilivyokuwa wakati amri ilipopigwa. Mabadiliko yanayokuja baadaye hayaigusi, kwa kuwa kipande cha zamani hunakiliwa kando kabla ya kipya kuandikwa.

Kipande hicho cha kando kinahitaji mahali pa kukaa:

    vgs

Tazama safu ya VFree. Ikiwa ni sifuri, mtu aliyesakinisha seva aliigawa diski yote na snapshoti haiwezekani mpaka uongeze diski kwenye kundi au upunguze volyumu moja. Kumbuka kwamba ext4 hupunguzika ikiwa imepachuliwa, na kwa XFS usitegemee kupunguza kabisa.

Nafasi kiasi gani? Inategemea ni data ngapi itabadilishwa wakati nakala inachukuliwa, wala si ukubwa wa volyumu. Njia ya uhakika ni kupima: anza na nafasi kubwa, nakili, na kabla ya kufuta angalia asilimia iliyotumika kwa lvs. Fanya hivyo siku mbili tatu, ukijumuisha siku yenye shughuli nyingi kuliko zote, mwisho wa mwezi kwa mfano. Kisha tenga walau mara mbili ya ulichokiona. Snapshoti ya kawaida ya LVM ikijaa hadi asilimia 100 hubatilika papo hapo, na nakala uliyokuwa ukiisoma hukatika kwa makosa ya kusoma. Volyumu asilia haidhuriki, ila bakapu ya usiku huo imepotea, na kama skripti yako haikagui msimbo wa kutokea hutajua.

Hatua ya 5: Chukua snapshoti

    lvcreate -s -L 10G -n data_picha /dev/vg0/data

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalijui, na linafaa kukaa kichwani. Amri hii hugandisha mfumo wa faili yenyewe. Kabla ya kupiga picha, kerneli husukuma data yote iliyo kwenye RAM, hufunga muamala wa daftari, hulisafisha daftari, huzuia uandishi kwa muda mfupi, kisha huachia. Ndiyo kusema zile sekunde 5 na 30 tulizozizungumzia hazihusiki hapa, na hata tofauti kati ya ordered na writeback inayeyuka, kwa kuwa hakuna kilichoachwa nusu.

Thibitisha kwa macho:

    tune2fs -l /dev/vg0/data_picha | grep features

needs_recovery haipo. Daftari la snapshoti ni tupu na safi, wakati lile la volyumu asilia bado lina alama yake. Kila ninapofundisha mtu kazi hii humwonyesha mistari hii miwili ikiwa sambamba, maana inaeleza kuliko maneno.

Kwa hiyo usitangulize fsfreeze -f kabla ya lvcreate. Haihitajiki, na inaweza kusababisha mkwamo, kwa sababu LVM nayo inataka kugandisha kilichokwisha kugandishwa. fsfreeze tutaihitaji kwenye hatua ya 8.

Hatua ya 6: Shughulika na hifadhidata

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, na ndipo hatari inapojificha, kwani mfumo wa faili unaweza kuwa safi kabisa na hifadhidata ikawa haifai.

Anza na PostgreSQL. Ikiwa saraka yote ya data, pamoja na pg_wal, iko kwenye volyumu moja, snapshoti inatosha. Kwa macho ya PostgreSQL ni kana kwamba umeme ulikatika wakati ule, nayo imeundwa kuinuka kutoka kwenye hali hiyo kwa kusoma WAL yake, ambayo nayo ni daftari, la ngazi ya juu zaidi. Lakini kama mtu alihamishia pg_wal kwenye diski ya kasi, au kuna tablespace kwenye volyumu nyingine, utakuwa na snapshoti mbili za nyakati mbili, na umerudi kwenye kosa langu la dd. Hapo tumia pg_backup_start() kabla na pg_backup_stop() baada, katika muunganisho uleule mmoja, uhifadhi faili ya lebo inayorudishwa na WAL ya kipindi hicho. Kabla ya toleo la 15 kazi hizo ziliitwa pg_start_backup na pg_stop_backup. Skripti za zamani huvunjika hapo.

Acha full_page_writes ikiwa imewashwa, kama inavyokuja. Ukurasa wa PostgreSQL una kilobaiti 8, bloku ya ext4 kwa kawaida ina kilobaiti 4. Umeme ukikatika, nusu ya ukurasa inaweza kuwa imefika na nusu haijafika, na ordered haikuahidi lolote kuhusu hilo. InnoDB ya MySQL na MariaDB, yenye kurasa za kilobaiti 16, hujilinda kwa kuandika kila ukurasa mara mbili, usiizime nayo.

Kwa MySQL yenye majedwali ya InnoDB pekee, snapshoti ya volyumu moja inatosha kama ilivyo kwa PostgreSQL. Ikiwa bado kuna majedwali ya MyISAM, na kwenye mifumo ya zamani ya uhasibu nayakuta mara kwa mara, lazima uyafunge kwanza. Mtego uko hapa: watu huandika kwenye skripti mysql -e "FLUSH TABLES WITH READ LOCK" na mstari unaofuata ni lvcreate. Kufuli hilo huishi muda ule muunganisho unaishi. Amri ya kwanza ikimaliza, muunganisho unakatika, kufuli linafunguka, na snapshoti inachukuliwa majedwali yakiwa wazi. Piga vyote ndani ya muunganisho mmoja:

    FLUSH TABLES WITH READ LOCK;
    \! lvcreate -s -L 10G -n data_picha /dev/vg0/data
    UNLOCK TABLES;

Kufuli linashikwa kwa sekunde chache tu. Kunakili kwenyewe, hata kuchukue saa tatu, kunafanyika baadaye juu ya snapshoti, na wafanyakazi wanaendelea na kazi yao.

Ofisi ndogo mara nyingi zina programu inayotumia SQLite. Ukiinakili faili kuu na kuiacha ile inayoishia na -wal, umeacha mabadiliko ya karibuni. Snapshoti hubeba zote mbili kwa pamoja. Usipokuwa na snapshoti, tumia .backup ndani ya sqlite3.

Hatua ya 7: Pachika, nakili, ondoa

    mkdir -p /mnt/picha
    mount -o ro,noload /dev/vg0/data_picha /mnt/picha
    rsync -aHAX --numeric-ids /mnt/picha/ /bakapu/srv/
    sync -f /bakapu
    umount /mnt/picha
    lvremove -y /dev/vg0/data_picha

Maneno mawili kuhusu mstari wa pili. ro peke yake haimzuii ext4 kuandika: akikuta daftari lenye kazi, atalitekeleza hata kama umesema kusoma tu. noload ndiyo inayomwambia aliache daftari. Kwa snapshoti ya LVM ni salama, kwa kuwa tumeona daftari ni tupu. Kwa picha iliyochukuliwa bila kugandisha, usiitumie kamwe. Utakuwa unasoma metadata iliyo katikati ya mabadiliko. Kwa XFS badilisha iwe ro,nouuid, kwani inakataa kupachika mifumo miwili yenye kitambulisho kimoja kwenye seva moja.

sync -f huhakikisha nakala imefika diskini kabla hujaiita nakala. Diski ya nje ikichomolewa mapema, ile data inayongoja kwenye RAM ya seva inapotea, kwa sababu zilezile za delalloc.

Wala usiisahau lvremove. Snapshoti iliyoachwa hupunguza kasi ya kila uandishi, hujaa polepole, hubatilika. Nimekuta seva iliyolalamikiwa kwa uzito kwa miezi, ina snapshoti nne zilizosahauliwa.

Hatua ya 8: Picha inapochukuliwa kutoka nje

Hali inabadilika kabisa ikiwa seva yako ni mashine pepe na anayepiga picha ni mwenyeji wake, au mtoa huduma wa wingu, au kabati la diski. Yeye anaona bloku tu. Hajui kuna ext4 ndani, hamgandishi mtu, na RAM ya mashine yako haimo kwenye picha. Hapa ndipo mipangilio chaguo-msingi inapofanya kazi yake kweli: picha hiyo ni sawa na umeme kukatika, daftari litatekelezwa utakapoipachika, ordered itakukinga na masalio ya faili za zamani, na utapoteza data ambayo haijasukumwa na haikuombewa fsync.

Mara nyingi hilo linavumilika. Lakini unaweza kufanya vizuri zaidi. Kwenye KVM, sakinisha qemu-guest-agent ndani ya mashine, na mwenyeji apige picha kwa --quiesce:

    virsh snapshot-create-as seva1 usiku --disk-only --quiesce

Wakala huyo atagandisha mifumo ya faili ndani, picha ipigwe, kisha aiachie. Mahali ambapo hakuna wakala, gandisha mwenyewe:

    trap 'fsfreeze -u /srv' EXIT
    fsfreeze -f /srv

halafu amri ya kupiga picha ya mtoa huduma, kisha skripti imalizike na trap iachie. Mstari wa trap unatangulia kwa makusudi. Skripti ikianguka baada ya kugandisha, kila programu inayojaribu kuandika kwenye /srv itasimama ikingoja, na itangoja mpaka mtu aje. Usigandishe mzizi, /, kwa njia hii: hata ganda lako la amri linaweza kushindwa kuandika na ukajifungia nje. Na skripti isiandike kumbukumbu zake ndani ya /srv hiyohiyo.

Ikiwa volyumu yako ya LVM imetandazwa juu ya diski pepe mbili, muulize mtoa huduma kama picha za diski zote mbili hupigwa kwa kitambo kimoja. Akijibu kwamba zinafuatana, lazima ugandishe, hakuna njia nyingine.

Hatua ya 9: Rejesha kabla hujahitaji

Mfumo wa faili unaweza kuukagua bila kuzima seva. e2scrub, iliyokuja na e2fsprogs 1.45 mwaka 2019, huchukua snapshoti ya LVM na kuipitisha kwenye e2fsck huku asilia ikiendelea na kazi:

    e2scrub /srv

Kwa hifadhidata, hakuna mbadala wa kuiwasha. Mara moja kwa mwezi, chukua nakala ya jana, iweke kwenye mashine nyingine, hata kompyuta ya mezani iliyostaafu, toleo la PostgreSQL likiwa lilelile, na uiwashe. Kwenye kumbukumbu zake utasoma "database system was not properly shut down; automatic recovery in progress". Mara ya kwanza inatisha. Kwa nakala ya snapshoti ndiyo inavyopaswa kuwa: inasoma WAL yake na kujiweka sawa. Kinachopaswa kukutia hofu ni makosa yanayofuata baada ya hapo. Kisha isomeshe majedwali yote:

    pg_dumpall > /dev/null

Ikimaliza bila kosa, kila safu ya kila jedwali imesomeka walau mara moja. Kuanzia toleo la 14 kuna pia pg_amcheck, inayokagua faharasa, jambo ambalo pg_dumpall haigusi. Malizia kwa swali ambalo mwenye ofisi anaweza kulijibu: risiti ya mwisho ya jana ilikuwa namba ngapi, ya shilingi ngapi? Itafute kwenye hifadhidata uliyorejesha, uilinganishe na karatasi iliyo mkononi mwake, na uandike tarehe na muda uliotumika kurejesha kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kabati la seva.